Kaka, pale usijenge

Shikamoo kaka.

Simu zangu hupokei, na barua niliyompa shangazi nasikia uliitia mfukoni bila kuifungua. Basi nakuandikia hapa, mbele za watu. Hutaisoma wewe, lakini utasimuliwa.

Picha ya msingi nimeiona. Umechimba pale pale mtoni, mafuriko yalipomchukua mama, na ule mwembe uliosalia umeufanya alama ya kona.

Msibani ulisimama ukasema hili ni la Mungu, hakuna wa kulaumiwa, watu wakaitikia amina. Nilinyamaza kwa heshima ya mama. Mvua ni ya Mungu, hilo sibishi. Lakini Januari 2010 Haiti ilipigwa na tetemeko la kipimo cha 7.0, wakafa watu zaidi ya 100,000. Mwezi uliofuata likaipiga Chile la 8.8, lenye nguvu mara mamia kuliko lile, wakafa kama 500. Mungu wa Chile ni mwingine? Kule nyumba zinajengwa kwa sheria, na sheria inafuatwa. Bangladesh nayo, kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Kimbunga Sidr cha 2007, nacho kikali sana, kiliua huko huko elfu tatu na kitu. Katikati ya hapo walijenga majengo ya kukimbilia, wakapata watu wa kujitolea wanaopita vijijini na vipaza sauti kabla upepo haujafika. Na watu wakakubali kutoka.

Hapo pa kukubali kutoka ndipo ninapokwama na wewe.

Mama alikuwa ameshafunga mtandio wake: cheti cha kifo cha baba, dawa za presha, tochi. Amekaa mlangoni, viatu mguuni. Ujumbe wa watu wa hali ya hewa ulikuwa kwenye simu zetu sote tangu mchana. Wewe ukausoma kwa sauti ya kuigiza, watoto wakacheka, ukasema kila masika wanatutisha. Kisha ukachuchumaa mbele yake ukalifungua lile fundo. Polepole, kwa upendo kabisa, na hilo ndilo linaloniua. Ukamvua na viatu. Mama akanitazama, akasema, "Kaka yako ameshasema."

Nikaondoka na wanangu. Leo mnasema nilimkimbia mama. Nilimwacha na nani? Na mwanawe wa kwanza, anayeujua mto kuliko sisi sote, aliyekuwa akinivusha mgongoni nisilowe sare ya shule! Ningembeba mama gizani huku nimeshika watoto wawili? Niambie ningefanyaje. Maji ya magotini yakiwa na kasi yanamwangusha mtu mzima. Niliondoka kabla hayajafika kwa sababu yakishafika huondoki.

Unasema mto haujawahi kufika pale. Haukuwahi, wakati msitu upo kule juu. Malori ya mkaa tuliyahesabu wote wawili yakishuka, na wewe uliyapakia msimu mmoja, ingawa hilo sikulaumu, njaa ilikuwa njaa. Miti ikiondoka mvua haizami ardhini; inateremka yote kwa mkupuo na udongo wake, tope linajaa mtoni, kina kinapungua, maji yanatafuta pembeni. Pembeni ndiko kwetu. Shamba limefunikwa mchanga, udongo mzuri umekwenda, hata mvua zikiwa za kawaida mwakani hapatoki kitu cha maana.

Na kisima kile msikinywe. Kimepokea vya vyoo vyote, hata maji yakionekana maangavu. Kimbunga Idai kilipiga Beira, Msumbiji, usiku wa Machi 14, 2019. Kabla mwezi haujaisha kipindupindu kilikuwa kimethibitishwa. Wachemshie watoto. Wewe nenda hospitali na hicho kikohozi, nimeambiwa unalala chini ya turubai na nguo mbichi. Huna mtu wa kukukemea sasa, ndiyo maana nakukemea mimi.

Kiwanja cha juu, kile cha baba karibu na shule, nusu yake ni yangu, nami nakupa. Nimeshaandika na kusaini, karatasi ziko kwa shangazi. Ukihamishia msingi huko, bati zote nanunua. Kwa nyumba ya pale mtoni sitoi hata msumari, na likizo wanangu hawaji kulala hapo, mniite majina yote mnayoniita.