Honi zikizidi, ubongo huzizoea

Ndugu Mhariri,

Saa kumi na mbili jioni pale stendi ya Buzuruga, daladala zinawapigia honi abiria, bodaboda wanazipigia honi daladala, na mtembea kwa miguu anavuka bila hata kugeuza shingo. Wengi humwita mzembe. Sisi tunaofundisha mambo ya ubongo na neva tunasema masikio yake ni mazima na ubongo wake umefanya kazi yake. Kosa liko kwenye honi.

Sauti ikishaingia sikio la ndani hupanda shina la ubongo hadi ubongo wa kati. Huko kuna vijilima vinne, kila kimoja hakizidi punje ya harage. Viwili vya chini hupokea sauti. Viwili vya juu hupokea mwanga, sauti na mguso kwa pamoja, na ndivyo huamuru macho na shingo vigeuke kabla mwenyewe hajajua anageukia nini. Habari huendelea hadi thalamasi, kituo cha kupitishia habari katikati ya ubongo, kisha gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, ambako mtu hutambua kuwa ile ni Hiace. Thalamasi imezungukwa na tabaka jembamba la seli zenye kazi ya kuzuia. Mwaka 1984 mwanasayansi Francis Crick alipendekeza kuwa tabaka hilo ndilo humulika jambo moja na kuacha mengine gizani. Harufu peke yake, hata ile ya dagaa wa soko la Mwaloni, hufika kwenye gamba bila kupitia thalamasi kwanza.

Sasa, seli za vijilima vya chini na za thalamasi huitikia kwa nguvu sauti adimu. Sauti ileile ikirudiwarudiwa, mwitikio hupungua. Ikija ya aina nyingine, seli zilezile huamka. Kwa hiyo hazikuchoka, zimezoea. Honi ya kuita abiria ikilia kutwa nzima, inaizimia nguvu honi ya hatari inayofanana nayo.

Tatizo la pili ni mwelekeo. Ubongo hulinganisha sauti imefika sikio lipi kwanza, na tofauti hiyo haifiki hata milisekunde 1, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mwangwi wa kuta huivuruga. Ndiyo maana king'ora cha gari linalorudi nyuma chenye mlio mmoja mwembamba ni kigumu kujua kinatoka wapi kuliko kile cha mvumo mpana, unaofanana na maji yanayomwagika.

Lakini baya kuliko yote ni honi ya karibu. Pikipiki ikiwa kwenye kilomita 50 kwa saa hupita mita 14 kila sekunde. Jicho peke yake huhitaji kama sekunde 0.2 kurukia kitu, yaani karibu mita 3 zimeshaliwa, na mguu bado haujaamua. Honi ikipigwa mita 10 kutoka kwa mtu huamsha njia ya mshtuko iliyo kwenye shina la ubongo: macho hufumba ndani ya sekunde 0.05 hivi, misuli hukakamaa, na mtu anaganda katikati ya barabara. Dereva aliyetaka kumwondoa ndiye amemsimamisha.

Piga mita 40 kabla, mara moja, kwa nusu sekunde, mkono ukiwa umeshalegeza mafuta. Washa taa kubwa papo hapo. Mwanga na sauti vikitoka upande mmoja kwa wakati mmoja, seli za vijilima vya juu huweza kuitikia zaidi kuliko jumla ya viwili hivyo vikija kila kimoja peke yake. Naye anayetembea usiku afunge mkanda wa kuakisi kwenye vifundo vya miguu, si kifuani tu, kwa kuwa pembeni mwa jicho mwendo huonekana upesi kuliko rangi.

Tunaomba wasimamizi wa stendi za Buzuruga na Nyegezi wapige marufuku honi za kuitia abiria. Wapiga debe wana sauti za kutosha.

Walimu wa elimu ya neva,
Mwanza