Mafundi, pimeni RAM kabla ya kupiga windo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wenzangu wa kompyuta, na wateja nao wasikie.

Siku hizi kompyuta ikizimika ovyo jibu ni moja: "Hii inataka windo." Mteja anatoa hela, mashine inafutwa, Windows inapigwa upya, na wiki haijaisha skrini ya bluu ya kutangaza kosa imerudi. Karibuni nililetewa kompyuta ya mezani ya chama cha akiba na mikopo, imeshazunguka kwa mafundi kadhaa. Katibu akanieleza, kwa uchungu, kwamba hesabu za wanachama zilifutwa kwa sababu fundi wa kwanza hakuuliza kama kuna mafaili ya kunakili. Wa pili windo ilimgomea katikati, ikidai faili limeharibika. Akalaumu flashi!

Kilichonitia shaka ni majina ya makosa. Leo skrini inaandika MEMORY_MANAGEMENT, kesho PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, keshokutwa jingine kabisa. Programu ikiwa mbovu, mara nyingi kosa hujirudia lilelile. Yakirukaruka namna hiyo, mshuku RAM kwanza, yaani vipande vya kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka kazi inayoendelea, ingawa joto na pawa saplai (kifaa cha kugawa umeme ndani ya kasha) navyo vina vituko vyake. Kila kinachofanyika kwenye mashine hupitia RAM. Tarakimu moja ikigeuka humo, hujui itaangukia wapi: pengine kwenye dereva (programu inayoendesha kifaa), mashine izime, pengine kwenye deni la mwanachama, na hapo mashine haizimi, inahifadhi uongo kimyakimya. Ndiyo maana mafaili ya mashine ya aina hiyo nayanakili kwa kuchomoa diski na kuipachika kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima.

Kupima hakuna gharama. Windows ina kipimo chake: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched, bonyeza Enter, kubali kuwasha upya, na mashine itaanza kujipima. Mimi naamini zaidi Memtest86+, programu ya kupimia RAM ambayo ni ya bure. Unaiweka kwenye flashi, unawasha mashine kupitia flashi hiyo, unaiacha ikeshe. Makosa hutokea kwa rangi nyekundu, na hata likiwa moja tu usilifumbie macho.

Kisha chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha, toa vipande vyote vya RAM na urudishe kimoja kimoja. Kosa likikifuata kipande hata kwenye sloti (tundu la kupachikia) nyingine, kibovu ni hicho. Likibaki kwenye sloti, tazama bodi kuu ya kompyuta. Ila kabla ya kununua kipya, sugua meno yake ya shaba taratibu kwa raba ya penseli. Huku kwetu pwani unyevu na chumvi huyashika, na zipo mashine zilizopona kwa raba tu.

Ile ya chama ilikuwa na kipande cha GB 4 na cha GB 2. Cha GB 2 ndicho kilichojaa nyekundu. Nimekitoa, mashine ni nzito kidogo, lakini haizimi tena.

Najua wenzangu watasema kupiga windo ndiyo ugali wetu. Basi tozeni ada ya kupima. Mwiteni mteja asubuhi aione skrini mwenyewe, alipe, ndipo mzungumze habari ya windo.

Fundi kompyuta,
Ngamiani, Tanga