Shoga, hayo ya viganja

Shoga yangu Zuhura,

Salama huko? Watoto, baba watoto, mama mkwe na maneno yake? Mie mzima, nimetoka zamu ya usiku na ilikuwa niingie kitandani moja kwa moja, ila ile sauti yako ndefu ya jana nimeirudia tena njiani na usingizi wote umekata. Nakuandikia badala ya kupiga manake nikipiga utanichekesha, tutaishia kwenye habari za Rehema na gauni lake, na mie nilichotaka kusema kitabaki kooni.

Umelalamika weee na hiyo mimba yako, kiungulia, mgongo, kwenda chooni kila saa, miguu kukaza usiku, nimecheka na wewe vizuri tu. Afu katikati hapo, kabla hujahamia kwa Rehema, umesema viganja vinakuwasha usiku na nyayo unazisugua kwenye ukingo wa kitanda mpaka Bakari anaamka. Ukacheka, ukaendelea. Zuhura, katika yote uliyoyataja hilo ndilo pekee lililonitoa usingizini, na umelipitia kama vile unataja mvua.

Najua wajawazito wengi wanawashwa. Ngozi ya tumbo inavutika, inakauka, inawasha, wala hakuna cha kuogopa. Wengine wanatoka vipele vinavyoanzia kwenye ile michirizi ya tumboni, vinakera sana lakini mtoto hana shida. Wako haufanani na hizo. Viganja na nyayo, usiku zaidi kuliko mchana, na kama nimekusikia vizuri hakuna kipele hata kimoja isipokuwa alama za kucha zako mwenyewe. Hiyo inatufanya sisi wakunga tuulize habari za ini. Kuna wajawazito, hasa miezi hii mitatu ya mwisho, ini lao linashindwa kusukuma nyongo kama inavyotakiwa, asidi za nyongo zinajaa kwenye damu na mtu anawashwa bila kuona kitu chochote kwenye ngozi. Mama anateseka na kukosa usingizi tu, akijifungua inaisha. Wa kuangaliwa hasa ni mtoto. Asidi hizo zikifika 100 au zaidi kwenye kipimo, hatari ya mtoto kufia tumboni inapanda kweli, na hapo madaktari wanazungumzia kumtoa mapema, wiki ya 35 au 36 hivi. Zikiwa chini ya hapo na mtoto ni mmoja kama wako, hatari haitofautiani sana na mimba nyingine, mnafuatilia tu vipimo na kupanga siku ya kuzaa. Sasa utajuaje uko upande gani bila kupima damu? Hujui. Wala mie sijui, ndo maana naandika na macho mekundu.

Na usiniambie kliniki walikwambia ni kawaida ya mimba. Nimechoka na hilo jibu. Kuna dada tulimpokea hapa, miguu imechanika kwa kujikuna, kadi yake ukiisoma ni nzuri kabisa, presha sawa, mkojo safi, tumbo linakua vizuri, na kila akienda alikokuwa anaenda anaambiwa apake mafuta. Kapaka mafuta mpaka shuka zimelowa. Damu ilipopimwa majibu ya ini yalirudi juu, wakamuanzishia uchungu, mtoto katoka analia na siku chache mbele yeye mwenyewe kasahau kama aliwahi kuwashwa. Ukikutana nae leo atakwambia alisaidiwa, mie nakwambia alichelewa kusikilizwa.

Kwa hiyo kesho asubuhi nenda, usisubiri tarehe ya kwenye kadi. Na ukifika usiseme "nawashwa" halafu ukanyamaza kwa aibu zako zile, sema nawashwa viganja na nyayo, usiku, hakuna vipele, naomba nipimwe ini na asidi za nyongo. Wakipima majibu yakawa mazuri na muwasho haujaisha, wiki inayofuata au ile ya pili yake unarudi kupima tena, manake muwasho unaweza kutangulia na damu ikabadilika baadaye. Kwa sasa lala na nguo nyepesi, oga maji ya baridi, kata kucha. Hayo ni ya kukupa usingizi kidogo, hayatibu kitu, usije ukaona umepoa ukaghairi kwenda.

Haya, na hayo mengine yako. Kiungulia ni kwa sababu homoni za mimba zinalegeza ule mlango wa juu ya tumbo na mtoto nae anasukuma kutoka chini, kula kidogo kidogo, usilale ukishakula, inua upande wa kichwani. Dawa ya kiungulia ya duka la dawa sawa, ila usiimeze pamoja na vidonge vya damu, wacha kama masaa mawili katikati, na hivyo vidonge usivisindikize na chai, chai inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Choo kigumu uliosema, maji mengi na tembea, ukijikamua utapata bawasiri bure. Mguu ukikaza vuta vidole kuja kwako, kanyaga chini, utaachia. Lakini mguu mmoja tu ukivimba na ukauma na una joto, hiyo sio ya kunyoosha, ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, damu inaweza kuwa imeganda mshipani.

Ah, na mgongo! Umesema mama Sele kakupa vidonge vya maumivu. Vidonge gani? Kama ni diclofenac au ibuprofen acha kabisa, umri huu wa mimba vinaweza kufunga mapema mshipa wa karibu na moyo wa mtoto na kumpunguzia maji. Paracetamol inatosha, na mto katikati ya magoti ukilala ubavu. Ubavu nasema, sio chali, kuanzia wiki ya 28 kulala chali kunaweza kumpunguzia mtoto damu. Ukizinduka umelala chali usipige kelele, geuka tu. Mama Sele nampenda lakini mkoba wake ule ni duka la dawa lisilo na leseni.

Na kichwa? Hukukitaja na mie sitaki kukutisha, ila ukiumwa kichwa kisichosikia dawa, ukaona vimulimuli, au maumivu chini ya mbavu, au uso na mikono ikavimba ghafla, hiyo inaweza kuwa presha ya kifafa cha mimba, hata usiku wa manane amsha Bakari mwende. Presha ikifika 140 kwa 90 mtu haambiwi akapumzike nyumbani arudi mwezi ujao.

Mtoto nae, wanasema akikaribia kuzaliwa anatulia. Sio kweli. Namna ya kucheza inaweza kubadilika, anajinyonganyonga zaidi kuliko kupiga mateke, lakini kupungua hapana. Ukiona kapunguza leo nenda leo, na kwako wewe mwenye hivyo viganja nasema mara mbili.

Narudi palepale, eeh, unaona. Haya nijibu, na usinitumie vikatuni vya kucheka: muwasho ulianza lini, wiki ya ngapi? Mkojo umekuwa mweusi kuliko kawaida hata ukinywa maji? Choo kimepauka? Mama yako au dada Mwajuma waliwahi kuwashwa hivi kwenye mimba zao? (Muulize Mwajuma kweli, hii huwa inatembea kwenye ukoo, na wewe mwenyewe kwa Sofi hukuwashwa?) Presha ya mara ya mwisho ilikuwa ngapi, soma kwenye kadi usikisie. Mtoto kacheza leo asubuhi? Na kesho nani atabaki na watoto, Bakari yupo au kasafiri tena? Kama hayupo niambie mapema nimtume Asha aje akae nao, yuko huru mpaka saa nane.

Ya Rehema nitayasikia ukishatoka maabara. Nalala sasa ila simu naiacha na sauti.

Shoga yako,
Mwanaidi