Taarifa ya Mwenyekiti 2025: Sisi na Madereva wa Barabara ya Magadi

Wanachama wenzangu, habari zenu. Mambo ya pesa mweka hazina ameshayaandika na mtayasoma kwa karatasi yake, jezi mpya katibu atawaeleza, kwa hivyo mimi nafasi yangu yote naitumia kwa jambo moja tu ambalo limetusumbua mwaka mzima, yaani huu ugomvi wetu sisi waendesha baiskeli na madereva huko nje ya mji wa Nairobi, hasa barabara ya Magadi kuanzia Kiserian, unapanda Corner Baridi halafu unateremka Olepolos mpaka Kisamis.

Kwanza mjue tumekuwa wengi. Septemba mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa kuletwa Afrika, na vijana wengi walioyaangalia kwa simu wametafuta baiskeli wakatujia, na mimi nimefurahi sana maana hii ndo nchi ambayo Chris Froome alianzia baiskeli, kule Kikuyu chini ya David Kinjah, kabla hajaenda kushinda Tour de France mara nne. Lakini kuwa wengi pia maana yake kundi letu la Jumapili asubuhi sasa ni msururu, na dereva akiukuta msururu kwa kona anakasirika kabla hata hajatufikia.

Na kwa sababu kuna wanachama wanaosema tukijifunza kuendesha vizuri haya yote yataisha, nawakumbusha kwamba 2017 huyo huyo Froome, akiwa tayari bingwa, alisema dereva mmoja aliyekosa subira alimfuata mpaka juu ya njia ya waenda kwa miguu huko kusini mwa Ufaransa akamgonga makusudi, baiskeli ikaharibika kabisa yeye akapona. Wiki chache kabla ya hapo Michele Scarponi, mshindi wa Giro d'Italia ya 2011, ile mbio kubwa ya Italia, aligongwa na gari akifanya mazoezi karibu na kwao Italia, akafa. Hao ni watu waliojua baiskeli kuliko sisi sote tukijumlishwa. Kwa hivyo ufundi peke yake haukuokoi.

Mwaka huu kwetu tumepigiwa honi, tumetupiwa chupa, tumeambiwa tukacheze kwetu, na mwezi wa saba mwenzetu aligongwa kiwiko na saidi mira ya gari ndogo akarushwa kwa kokoto, akavunjika mtulinga. Gari haikusimama na hakuna aliyeona namba. Anaendelea vizuri na namshukuru daktari wetu mwanachama aliyemfunga mkono pale pale barabarani, lakini kuna kitu kiliniuma, mpaka tunafika kituo cha polisi hakuna kati yetu aliyejua aanzie wapi. Sasa shikeni hii: sheria inamtaka dereva asimame baada ya ajali, akikimbia bado wewe nenda uripoti upate namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, halafu uchukue fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, ijazwe na daktari, na abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wa ripoti ya ajali, bila hizo karatasi bima haitakusikiliza hata ukilia. Piga picha ya mahali ulipoanguka kabla baiskeli haijaguswa.

Sasa nije kwa hii barabara yenyewe maana nadhani wengi wa madereva hawajawahi kuiona kwa macho yetu. Ukingo wa lami pale baada ya Corner Baridi umekatika vipande vipande, mahali pengine kutoka lami hadi chini kwa mchanga ni kina cha kiganja kizima. Tairi ya baiskeli ya mbio ina upana wa kama milimita 28. Ukitelemka hapo kwa spidi unaanguka, na hata ukiteremka salama, ukijaribu kurudi juu kwa pembe ndogo ile tairi inasugua ukingo haipandi, usukani unageuka wenyewe na unaangukia ndani ya barabara, mbele ya gari iliyokuwa nyuma yako. Ndo maana mtu anaendesha nusu mita au zaidi kutoka ukingoni, na dereva nyuma anaona mtu mwenye kiburi amejaza barabara. Hakuna kiburi hapo, ni kuogopa kufa.

Halafu fanyeni hesabu hii na muwafanyie na madereva mnaowajua. Nusu mita kutoka ukingoni, nusu mita nyingine ya mwili na usukani, mita moja na nusu ya nafasi ya usalama, gari yenyewe karibu mita 1.8, hiyo yote inazidi mita nne, na upande mmoja wa barabara kama ile haufiki mita nne. Maana yake hata mwendesha baiskeli akiwa mmoja, gari haiwezi kumpita kwa usalama bila kuvuka mstari wa katikati, na kama lazima uvuke mstari basi lazima ungoje upande wa pili uwe wazi, hakuna njia ya tatu. Yule anayesema nilikuwa na nafasi ya kupenya alipenya kwa kutumia ile mita na nusu yetu.

Hapo ndo linakuja swali la kuendesha wawili wawili bega kwa bega ambalo limewagawanya mpaka kwa kamati. Dereva akituona wawili wawili anaona dharau. Lakini watu kumi wakipangana mmoja mmoja na nafasi kidogo katikati wanafika kama mita 27, wakiwa wawili wawili ni nusu ya hapo, na kwa kuwa gari lazima ihamie upande wa pili kwa vyovyote, msururu mfupi unapitwa haraka zaidi. Uingereza walibadilisha mwongozo wao wa barabarani Januari 2022 wakaeleza wazi kwamba kundi linaweza kwenda wawili wawili, na kwamba dereva ampe mwendesha baiskeli angalau mita 1.5. Ufaransa nje ya mji ni mita 1.5, Ujerumani tangu 2020 nje ya mji ni mita 2. Lakini mimi msimamo wangu ni huu na nitausema hata kama utawaudhi baadhi yenu: pale pana kona nyingi, kutoka Corner Baridi kuteremka, tunakwenda mmoja mmoja, na kundi likizidi kumi tunaligawa na kuacha nafasi ambayo gari inaweza kuingia ikapumzika katikati. Mwaka huu tulianza kufanya hivyo na wale tuliofanya tumeona tofauti, matusi yamepungua, kuna hata matatu zinatupungia mkono.

Jambo ninalojivunia zaidi mwaka huu ni ule mkutano na madereva hapo Kiserian. Tulienda bila jezi, tukaagiza chai, wakaja madereva wa matatu, wa lori na wa boda, na mwanzo ulikuwa mgumu, kila mtu ana kisa chake. Halafu dereva mmoja wa lori, mzee wa makamo, akasema njooni. Akatupandisha kwa kebini mmoja mmoja, akaweka baiskeli yetu moja upande wa kushoto karibu na tairi ya mbele, akauliza mnaiona? Hatukuiona. Akaisogeza nyuma kidogo, bado. Tukaangalia kioo, tukainama, tukanyoosha shingo, baiskeli iko pale chini na mwenye baiskeli ameishika, na kutoka kwa kiti cha dereva ni kama hakuna mtu duniani upande ule. Akatuambia, vijana wangu, nyinyi mnapenda kupita hapa lori ikiwa imepunguza mwendo kwa matuta, mimi nikivuta kushoto kidogo nimemaliza mtu na sitajua. Nani alikuwa amewahi kufikiria hivyo? Kuanzia siku hiyo ni amri ya chama, hakuna kupita lori upande wa kushoto, hata ikiwa imesimama.

Akaeleza pia mambo ya mlima. Lori ikitoka bondeni imebeba mzigo inahitaji ule mwendo wake, ikilazimika kushuka mpaka gia ya kwanza nyuma ya mtu anayepanda kwa kilomita kumi kwa saa kuna hatari izimike hapo mlimani, na nyuma yake kuna magari. Kwa hivyo anapiga honi kutoka mbali. Ile honi ya mbali si matusi, anaomba. Sisi tukakubaliana naye kwamba tukisikia lori nzito nyuma kwa mlima na kuna mahali pazuri pa kutoka tutatoka, na yeye na wenzake wakakubali kwamba pale pasipo na mahali pa kutoka watangoja. Hayajaandikwa popote, ni maneno ya watu waliokunywa chai pamoja, lakini yameshika.

Wagumu kabisa ni wale wa magari ya binafsi wanaotoka mjini Jumapili kwenda kula nyama Olepolos, maana hao hawana steji wala sako, huwapati mahali pa kuongea nao. Na jioni wakirudi wengine wamekunywa. Kwa hivyo kamati inapendekeza safari zote za Jumapili upande ule ziwe zimerudi Kiserian kabla ya saa tano asubuhi. Najua wengine mnapenda kulala. Tuanze saa kumi na mbili basi.

Kuna kitu nimekiangalia pale Kisamis na kinanipa moyo. Ng'ombe wakivuka barabara kila gari inasimama, matatu yenye haraka zake inasimama, hata hao wa kutoka mjini wanazima muziki wanangoja mpaka mchungaji amalize, na hakuna anayempigia mchungaji kelele. Kwa hivyo subira ipo kwa hii barabara, madereva wanayo. Wanajua kwamba mchungaji yuko kwao na ana haki ya kupita. Sisi bado hawajatuhesabu hivyo, na nadhani najua kwa nini.

Tunaonekana wageni. Tunakuja Jumapili, tumevaa rangi kali, baiskeli zingine bei yake ni ya pikipiki mbili tatu, tunapita bila kusalimia, tunaenda. Mzee mmoja wa Kisamis alitusimamisha mwezi wa tano akatuonyesha pakiti za jeli, zile tunazokula njiani kupata nguvu, alizookota karibu na boma lake, akasema mbuzi wake wanazila. Hakutukana, alizinyoosha tu mkononi. Nani angependa wageni wa namna hiyo? Kutupa takataka barabarani kuanzia sasa ni faini, na kukojoa mbele za nyumba za watu pia, samahani kusema wazi.

Lakini jambo kubwa kuliko hilo ni yule mtu wa Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo. Kabla chama chetu hakijazaliwa kulikuwa na mtu anabeba maziwa kwa baiskeli hiyo saa kumi na moja alfajiri, bila taa, bila helmeti, mitungi miwili nyuma, na gari ikija anaruka mtaroni na maziwa yake kwa sababu amezoea kwamba barabara si yake. Hakuna anayeandika barua kwa wakubwa kwa ajili yake. Yeye haendi kujifurahisha, anatafuta unga wa watoto. Sasa sisi tukienda kwa mamlaka ya barabara au kwa kaunti tukasema tunataka nafasi ya kuendeshea mchezo wetu, watatucheka na wana haki. Tukienda tukasema ukingo wa lami urekebishwe na bega la barabara, yaani ile sehemu ya pembeni, liwekwe lami kwa ajili ya yule wa maziwa, watoto wanaotembea kwenda shule, wa boda, na sisi pia, hapo tuna hoja ambayo mtu hawezi kuipuuza, hasa kwa nchi inayopoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri wa miguu na baiskeli 2015, ikaahidi kutenga sehemu ya bajeti ya usafiri, lakini ukifika Rongai tayari uko Kajiado na sera hiyo imeishia nyuma yako. Barua yetu kwa kaunti ya Kajiado iko tayari, imetiwa sahihi na sisi, na madereva sita wa lori, na wauza maziwa wanne ambao katibu aliwatafuta mmoja mmoja, na mimi naona hiyo ndo kazi nzuri zaidi chama hiki kimewahi kufanya.

Ndani ya barua tumeomba vitu vitatu tu. Ukingo urekebishwe kati ya Corner Baridi na Kisamis. Vibao vya kumwambia dereva aache mita 1.5 akitupita viwekwe. Na spidi isimamiwe kweli kweli, kwa sababu sheria tayari ipo, 50 kwa saa ukipita vituo vya biashara, 80 kwa matatu na lori, 100 kwa gari ndogo kwa barabara kama ile, lakini pita Kiserian Jumapili uone kama kuna anayekumbuka hiyo 50.

Taa za nyuma zinazowaka hata mchana tumezinunua kwa pesa za akiba, kila mwanachama aliyelipa ada atapata moja, na zilizobaki naomba mkutano ukubali tuwape wale wa maziwa. Mweka hazina anasema inawezekana bila kuongeza ada.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya mwisho ya Januari saa nne asubuhi, Kiserian, pale pale tulipokutana na madereva. Yule mzee wa lori amekubali kuja na lori, kwa hivyo ambao hamkupanda kwa kebini mara ya kwanza mje mapema, na mje na baiskeli.