Subiri Vielekezi Vyako

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, shoga yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na uchungu wako nimeuona. Umevumilia miaka yote tangu uvunjike kifundo cha mguu, gegedu imelika, mfupa unasagana na mfupa, na sasa unaambiwa upasuaji wa kukuwekea kiungo bandia ungoje wiki kadhaa eti vielekezi vyako, vile vipande vya kumwonyesha mpasuaji mahali hasa pa kukata mfupa, vinatengenezwa. Dada, ngoja.

Ile skani ya CT uliyopigwa ndiyo chanzo chake. Wahandisi wanaijenga mifupa yako kwenye kompyuta, wanapendekeza saizi ya kiungo bandia na mahali pa kukata. Mpasuaji anaupitia mpango, anabadilisha anachotaka, na hadi auidhinishe ndipo printa ya 3D inaanza kazi. Vinatoka vipande vya nailoni: kimoja cha muundi, kingine cha talasi, ule mfupa wa chini yake unaobeba uzito wako wote.

Natamani ningekushikisha kimoja. Ni chepesi mno, na upande wake wa ndani umejaa mabonde na vilima. Huku chumba cha upasuaji huwa tunaletewa pamoja na mfano wa mfupa wa mgonjwa. Ukikiweka juu ya mfano kinatelezateleza, halafu ghafla kinanasa, hakiendi kushoto wala kulia. Hata vile vijifupa vilivyoota ukingoni kwa sababu ya ugonjwa vinasaidia kukishika, kwa hiyo mpasuaji haviondoi kwanza.

Majuzi nikihudumu kwenye meza ya upasuaji, kielekezi cha muundi kilikataa kukaa. Mpasuaji hakukilazimisha. Alikitoa, akainama kuchungulia, akakuta utando mwembamba wa nyama umebaki juu ya mfupa. Akaukwangua taratibu, akakirudisha, kikanasa. Pini zikaingia, tukahakikisha kwa eksirei, ndipo msumeno ukawashwa. Nilipumua. Kiungo kikiwekwa upande kidogo tu, uzito unaegemea sehemu moja na plastiki ya katikati inalika upesi.

Sitakuficha: kielekezi hakimpi mpasuaji ujuzi asiokuwa nao, wala hakikazi kano zilizolegea. Kinampunguzia kupimapima wakati kidonda kiko wazi. Kwa hiyo muulize bila haya amebadilisha vifundo vingapi, na kwa nini kwako ameona kiungo bandia kinafaa kuliko kuunganisha mifupa ishikane iwe mmoja. Ni haki yako.

Tena, ukianguka au ukiuumiza mguu huo kabla ya tarehe, mwambie siku hiyohiyo. Kielekezi kinaujua mfupa wako kama ulivyokuwa siku ya skani. Ukibadilika, hakitakaa.

Ukipewa tarehe niandikie mara moja, niombe likizo. Huenda wiki za kwanza usiruhusiwe kukanyaga kabisa, na sitaki uwe peke yako.

Wako akupendaye,
Mwanaidi