Harambee ya Darubini: Watoto wa Likoni Wanaomba Mkono Wenu

Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na hamjambo nyote, wazazi, majirani na wanafunzi wa zamani wa shule yetu hapa Likoni.

Tunaona haya kubisha hodi tena. Juzi tu mlichanga madawati, na kabla ya hapo mkatuezekea darasa la Gredi ya 7, wengine wenu mkiwa bado mnatafuta karo. Hatujasahau. Lakini mkono mtupu haulambwi, na sasa kikundi chetu cha nyota, cha watoto wanaopiga picha za mwezi na nyota kwa simu, kimekwama.

Darubini ni moja, ya lenzi ya milimita 70, tuliyopewa na msamaria mwema. Hewa ya bahari haikuihurumia. Skrubu za stendi zimeliwa na chumvi, mguu mmoja umefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na kuvu imeanza kutambaa ndani ya lenzi kwa sababu stoo inavuja. Kishikio cha simu hatuna. Mtoto huishika simu kwa mkono mbele ya lenzi ya kutazamia, akitafuta kile kitundu cha mwanga, huku mwenzake ameibana stendi isiyumbe. Na mwezi haungoji mtu: kwa vile dunia inazunguka, ndani ya dakika 2 hivi unakuwa umehama upana wake mzima. Mtoto akija kulenga sawasawa, umeshatoka. Nyuma yake kuna foleni, na saa ya kurudi nyumbani imefika.

Pamoja na tabu hiyo, picha zinapatikana! Binti mmoja wa Gredi ya 8, kwa simu ya mama yake iliyopasuka kioo, aliupiga mwezi ukiwa nusu, wakati vivuli huonyesha mashimo yake vizuri kuliko ukiwa mpevu. Bahari ya Utulivu, ule uwanda mweusi wa mwezini walikotua wanadamu mwaka 1969, inaonekana wazi. Mama mtu, anayeuza mahamri, anaionyesha kwa kila mteja. Sayari ya Mshtarii (Jupita) nayo walijaribu. Miezi yake minne aliyoiona Galileo mwaka 1610 ikatoka michirizi mitupu, stendi ilivyotikisika. Inauma, maana darubini ndogo kama hii inaiweza miezi hiyo ikisimama imara.

Nyota zenyewe hazihitaji hata darubini. Simu ikiwekwa juu ya stendi na kamera ikaachwa wazi sekunde 10 hivi, zinajaa. Ila hapa kwetu taa za Bandari ya Kilindini zinawaka usiku kucha na kuzimeza. Tunataka kuwapeleka watoto Kwale, upande wa Shimba Hills, wakapige picha za Msalaba wa Kusini, Njia Nyeupe (ule mkanda wa nyota unaokatiza anga) na Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wazee wetu walikitazama kujua majira ya kulima.

Hesabu ni hii: darubini ya kioo cha milimita 130 na stendi yake shilingi 48,000, vishikio viwili vya simu 5,000, stendi ya simu 3,000, sanduku lisiloingiza unyevu 9,000, basi la Kwale 15,000. Jumla 80,000. Walimu na watoto wameshachanga 22,500. Zimebaki 57,500.

Ndugu zetu, tunachangia harusi kila wiki wala hatunung'uniki. Hili nalo ni letu. Manahodha wa pwani hii walivuka hadi Uarabuni na Bara Hindi kwa kufuata nyota. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la baharini la San Marco karibu na Malindi, ilirushwa Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei itokayo anga za mbali. Mtoto wa Likoni kukosa kishikio cha simu ni aibu yetu sote, na Mungu atamlipa kila atakayeiondoa.

Michango ipelekwe kwa mhazini wa wazazi, ofisini. Kila mchango utaandikiwa risiti, na matumizi yote yatabandikwa kwenye ubao wa shule.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa 10 jioni, uwanjani. Baada ya Magharibi, mawingu yakiruhusu, watoto watatoa darubini na kila aliyekuja atapiga picha yake. Njoo na simu yenye chaji, zima flashi, na weka taima ya sekunde 3 ili kidole chako kisiitikise.