Wodi ya corona ina kufuli, ufunguo uko likizo

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu enzi lilipokuwa likifungiwa mahamri, na sijawahi kuwaandikia. Lakini taarifa yenu ya juzi, ile yenye picha ya wakubwa wa afya wakitabasamu mbele ya mitungi ya oksijeni na kutuhakikishia kwamba hospitali zetu sasa ziko tayari kwa janga lolote, imenikaa kooni.

Mwaka 2020 kila kaunti ya Kenya iliagizwa iwe na vitanda 300 vya kuwatenga wagonjwa wa corona. Huku kwetu Pwani utepe ulikatwa, ngoma zikapigwa, barakoa ziko kidevuni. Haya. Mwezi uliopita mjukuu wangu alibanwa na pumu usiku, tukamkimbiza kwa tuktuk hadi hospitali ya umma ambayo siitaji kwa jina, maana bado twaitegemea. Muuguzi ni mmoja, wodi ya watoto imejaa, watoto wanapokezana mtungi mmoja wa oksijeni. Nikauliza, na lile jengo la corona lenye mabomba ya oksijeni ukutani? Limefungwa. Ufunguo anao msimamizi. Msimamizi yuko likizo. Nikaenda kuchungulia dirishani kwa tochi ya simu: magodoro hayajavuliwa nailoni, na juu yake wamerundika viti vibovu pamoja na mabango ya kutuhimiza tunawe mikono. Mtoto anahema kwenye benchi nje, na mimi nasoma bango la kunawa mikono! Hatukuomba mashine kutoka ng'ambo, tuliomba mlango ufunguliwe.

Alipata nafuu, alhamdulillahi, kwa kuwa yule muuguzi hakuketi hadi alfajiri. Hao ndio tuliowaita mashujaa, kisha vifaa vya kujikinga vilivyonunuliwa kwa bei ya kuruka vikalala kwenye maghala ya KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa na vifaa vya hospitali. Desemba 2020 wauguzi na matabibu waligoma wakidai vifaa na bima, madaktari wakafuata. Mwezi huohuo daktari wa miaka 28 alikufa kwa corona huku akidai mishahara ya miezi kadhaa. Na wale walioajiriwa kwa kandarasi mwaka ule wa janga? Mwaka 2025 walikuwa wamepiga kambi nje ya Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya, bado wanaomba kazi ya kudumu. Janga lijalo likibisha hodi, nani ataliitikia, mitungi?

Na hii SHA nayo, bima mpya ya afya ya serikali. Asubuhi kwenye dirisha la malipo niliambiwa mfumo umelala, nilipe taslimu, nitarudishiwa. Na nani, lini, hakuna ajuaye. NHIF, ile bima ya zamani, tuliitukana sana, lakini angalau ilikuwa na kadi mtu akaishika mkononi.

Pendekezo langu halihitaji kamati wala warsha ya hotelini. Ufunguo wa jengo la corona utundikwe kwenye msumari katika wodi ya kujifungulia, kwa sababu huko hakufungwi usiku, Idi wala Krismasi, na muuguzi wa zamu auchukue bila kumpigia mtu simu. Viti vibovu vipelekwe ofisini kwa msimamizi. Akirudi likizo avikalie yeye.

Msomaji wa tangu zamani,
Pwani